Nyumba Ambayo Mama Haingii

Serikali ilipotangaza kwamba watu wakae mbalimbali ili wasiambukizane, mimi sikuona jambo geni. Mama yangu alikuwa amekaa mbali nami tangu Desemba ile niliyotahiriwa, na hakuna waziri aliyemwamuru. Kwetu Mitunguu, kule chini kwenye joto na migomba, mvulana akishatahiriwa hupewa nyumba yake, hata kama ni chumba kimoja cha mbao na mabati nyuma ya jiko. Kuanzia siku hiyo mama yake haingii humo. Anaweza kusimama nje akaita. Asipoitikiwa, anaondoka, kwa sababu mwanaume hasumbuliwi nyumbani kwake.

Baba yangu ni mzee wa kanisa. Alipookoka aliacha mila nyingi: pombe ya asali, matambiko, na mke wa pili ambaye babu alikuwa ameshamtafutia. Hii ya nyumba ya kijana hakuiacha. Aliishika kwa mikono miwili, nadhani kwa kuwa haikumnyima kitu. Mimi nilijivuna nayo pia. Nilikuwa na mlango wangu mwenyewe kabla sijaota hata ndevu, na mama aliponiita kutoka nje kwa adabu, nilijihisi mkubwa kuliko mwalimu mkuu.

Corona ilinikuta chuoni Nchiru, mwaka wa mwisho wa masomo. Tuliambiwa tufungashe twende nyumbani kwa muda mfupi. Muda mfupi, jinsi wakubwa wanavyoupima, ni muda wowote ambao wao hawaonji. Nilirudi Mitunguu na begi moja na sufuria, nikaingia kwenye nyumba yangu ya mbao, nikaanza kusoma onlaini. Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu, kwenye kibanda cha kukusanyia ndizi, kwa hiyo nilisomea kati ya wanunuzi wanaogombana juu ya mikungu. Mhadhiri alikuwa sauti inayokatika. Nakumbuka alivyokuwa akisema, “Na sasa jambo la muhimu kabisa ni hili,” halafu kimya. Mpaka leo sijui jambo la muhimu kabisa lilikuwa lipi.

Siwezi kusema ni lini hasa nilianza kuugua. Kwanza usingizi ulipotea, kisha ukarudi na kukataa kuondoka. Nikaacha kwenda kibandani. Nikaacha kujibu simu za wenzangu wa Nchiru, hata za msichana ambaye miezi michache kabla ningemvukia mto uliofurika. Chakula kikawa kazi. Kuoga kukawa safari. Nilikuwa na huzuni, lakini huzuni si neno linalotosha, kwa sababu mtu mwenye huzuni huwa na kitu anachokililia. Mimi nilikuwa nimechoka kuwapo tu. Nililala nikitazama mabati na kufikiri kwamba watu wa nyumbani wangepumua vizuri zaidi nisipokuwepo, na wazo hilo lilinijia kwa upole, bila kelele, likakaa.

Hapo ndipo ukoo ulipogundua kwamba una madaktari wengi. Shangazi yangu alitangaza kuwa ni corona ya chini kwa chini. Aliagiza nitolewe nje, akanifunika blanketi juu ya sufuria ya mwarobaini unaochemka, nikatokota humo mpaka nikatoa jasho la wiki nzima. Nilipotoka alinitazama akasema nimeanza kupata rangi. Rangi hiyo ilikuwa ya kuungua.

Baba mdogo, ambaye ananunua miraa huko Laare, alikuja kunipa ushauri akiwa na macho mekundu kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Yeye aliona nina stresi. Akaniambia, “Stresi gani na wewe huna bibi, huna watoto? Sisi ndio tuko na stresi. Ndege haziruki, miraa inakauka kwa gunia!” Alikaa mlangoni akanieleza matatizo yake mpaka jua likageuka, akanishukuru kwa kumsikiliza, akaniachia kibunda cha miraa kama dawa. Kama nilikuwa bado nina usingizi wowote, kibunda hicho kiliumaliza.

Baba alisema ni uvivu. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetaja aina ya udongo. Aliniombea kanisani bila kunitaja, “kijana mmoja hapa kwetu ambaye amelemewa na roho ya kulala,” na kwa kuwa kanisa lilikuwa limeruhusiwa kuketisha watu wachache tu, wote waliokuwepo walijua kijana huyo ni nani.

Na mama? Mama alikuwa anasimama nje. Akiita, nikiitika “Niko,” anarudi jikoni. Nisipoitika, anarudi jikoni vilevile. Alinilaza njaa mara nyingi kwa heshima.

Nilikuwa na mwenzangu wa rika. Tulitahiriwa siku moja, tukauguza vidonda katika chumba kimoja, tukala uji wa bakuli moja. Nyumbani kwao ni ng'ambo ya mfereji wa maji unaonyweshea migomba yetu. Yeye alisomea chuo kule Embu, nacho kilifungwa siku zilezile, naye akarudi kwenye nyumba yake ya mbao kama mimi. Ungedhani tungetembeleana. Tulikutana mara moja tu, sokoni, kwenye lango ambapo askari wa chifu alikuwa anapima watu joto kwa kile kipimo cha kuelekeza kwenye paji la uso kama bastola. Akampima yeye, akasema, “Uko sawa, songa.” Akanipima mimi, akasema, “Uko sawa, songa.” Tukatazamana juu ya barakoa zetu, watu wawili walio sawa kabisa, tukasonga. Sikumwuliza kitu, naye hakuniuliza. Wiki chache baadaye alijiua.

Kwenye mazishi walisema aliugua kwa muda mfupi. Nimekwambia kuhusu muda mfupi. Waliohudhuria walikuwa wachache kwa amri ya serikali, na mchungaji alihubiri kuhusu kunawa mikono. Mimi sikwenda. Mama alikwenda, na huko ndiko mama wa marehemu alikomshika mkono pembeni, wakati ambapo kushikana mikono kulikuwa kosa, akamwambia maneno niliyokuja kuyajua baadaye sana. Alisema, “Mimi nilimheshimu. Siku zote nilisimama hapo nje nikarudi. Nilimheshimu mpaka mwisho.”

Asubuhi iliyofuata mama alisimama nje ya nyumba yangu akaita, nami nikaitika kwa shida. Hakurudi jikoni. Alisema kuna mnyama anayeiba mayai jikoni, na ana kuku anayetaka kuatamia, na hana mahali pengine salama isipokuwa kwangu. Kabla sijajibu, alisukuma kwa mguu katoni iliyotandikwa majani makavu ya mgomba mpaka ikavuka kizingiti, yeye mwenyewe akabaki nje. Ndani ya katoni mlikuwa na mayai, na juu ya mayai kuku mwekundu aliyenitazama kana kwamba ninamdai kodi.

Hapakuwa na mnyama yeyote jikoni. Mama yangu, ambaye hawezi kudanganya hata muuza nguo, alikuwa amebuni mwizi mzima.

Kuku anayeatamia, kama hujawahi kuishi naye, ni kiumbe mwenye utaratibu mkali. Hushuka mara moja kwa siku, anakula, anakunywa maji, anachafua sakafu, anajinyoosha, kisha anarudi upesi kabla mayai hayajapoa. Asiposhuka inabidi umshushe, la sivyo atakaa hapo mpaka akonde. Kwa hiyo kila siku mama alikuja mlangoni na mahindi kwenye kibati. Hapa nayaandika maneno yake kwa Kiswahili, ingawa yeye hunisemesha Kiswahili akiwa na hasira tu.

“Hiyo kuku imeshuka?”

“Imeshuka.”

“Imekula?”

“Imekula.”

“Na wewe?”

Nilikuwa wa mwisho, baada ya kuku. Nilichukia. Nilijiambia hata mama yangu sasa ananiulizia kama nyongeza. Ilinichukua muda kuelewa kwamba hilo “na wewe” ndilo lililokuwa limemtoa jikoni, na kuku alikuwa njia ya kulifikisha bila kumwaibisha mwanaume nyumbani kwake.

Ningependa kusema kuku aliniponya. Hadithi ingekuwa nzuri, na shangazi angeipenda. Lakini kuku ni kuku. Nilimshusha, nikampa maji, nikarudi kulala, na lile wazo la upole likazidi kukaa.

Halafu siku moja nikaamka mwepesi. Sitaeleza nilikuwa nimepanga nini. Aliyewahi kufika hapo hahitaji kuelezwa, na ambaye hajafika hana haja ya kufundishwa. Ninachoweza kusema ni kwamba uamuzi ule ulinipa utulivu, na utulivu ule ulifurahisha watu wote. Nilioga. Nilifua nguo nikazianika. Nilifagia nyumba yangu mpaka nje. Shangazi aliyekuwa anapita njiani alipaza sauti kumsifu Mungu na mwarobaini. Baba alisimama na jembe lake akanitazama kwa furaha niliyokuwa sijaiona tangu matokeo ya mtihani wa darasa la nane. “Leo umeamka,” akasema. “Nilijua tu itakuachilia.” Nilimwamkia vizuri. Nilimpenda sana siku ile, na hakujua kwamba nilikuwa namuaga.

Kilichobaki kilikuwa kuku. Sikutaka kumwacha humo ndani na yatakayotokea. Ndiyo akili ya ugonjwa ule: niliyahurumia mayai. Nikaibeba katoni, kuku juu yake ananidonoa vidole, nikaipeleka hadi jikoni, nikaiweka mbele ya mama aliyekuwa anachambua maharagwe.

“Mama, chukua kuku wako.”

Aliitazama katoni. Kwetu hata mtoto wa chekechea anajua kwamba kuku aliyekwisha kuatamia hahamishwi. Ukimhamisha anaweza kuyasusa mayai, na vifaranga vikafia ndani. Mtu anayemhamisha ni mgeni, au mjinga, au ni mtu ambaye kesho haimhusu tena.

“Kwa nini?” akauliza.

“Nasafiri.”

“Unasafiri wapi?”

“Nchiru.”

“Nchiru imefungwa,” akasema polepole.

Sikuwa nimefikiria jibu la hilo. Nilikuwa nimefikiria mengine yote. Nikageuka nikarudi nyumbani kwangu, nikaingia, nikarudisha mlango. Nilisikia viatu vyake vya mpira vikija nyuma yangu, vikasimama pale ambapo vilisimama siku zote. Nikangoja aite. Nilikuwa nimejiandaa kuitika “Niko,” na ninajua kabisa kwamba ningeitika vizuri, angalau kwa adabu.

Hakuita. Alisukuma mlango akaingia.

Nilishtuka kama mtu aliyevamiwa. Baada ya mambo yote niliyokuwa nimeyakusudia, kilichonifadhaisha ni mama kuwa ndani ya nyumba yangu. Nilimwambia, “Mama, toka.” Alikuwa bado na matope ya mferejini ya asubuhi hadi magotini, na maganda ya maharagwe yalikuwa yamemng'ang'ania kwenye leso. Alitazama sakafu iliyofagiwa, akatazama nguo zilizokunjwa, akaketi kwenye kitanda changu.

“Unataka kujiua?” akaniuliza.

Alilisema neno lenyewe. Kwa miezi watu walikuwa wamelizunguka na uvivu, na roho, na stresi, na corona ya chini kwa chini. Mama aliyeacha shule darasa la tano alilitoa mdomoni zima zima. Nikasema ndiyo. Na nilipolisema, nililia kwa sauti ambayo mwanaume aliyetahiriwa hana ruhusa ya kuwa nayo, hata siku ya kisu.

Hakunihubiria. Hakusema wengine wana shida kubwa zaidi. Alinishika kifundo cha mkono kama unavyomshika mtoto barabarani, akasema, “Basi mimi nimekaa hapa.”

Baba alifika nje akiitwa na kilio. Alisimama kwenye mstari uleule. “Wewe mama, unafanya nini kwa nyumba ya mwanaume? Toka huko, watu wataona!”

“Kijana anataka kufa,” mama akamjibu kutoka ndani. “Ingia ama unyamaze.”

Kwa muda baba alinyamaza, na nikadhani amechagua. Kisha akainama akaingia. Hapakuwa na kiti, kwa hiyo mzee wa kanisa aliketi juu ya mtungi wa maji. Nilingoja aombe. Alijaribu, akafika “Baba yetu,” akakwama. Akasema tu, “Nilidhani ni uvivu,” akavua kofia yake, akaivaa tena, akaivua. Hawakunitoa machoni tena mpaka asubuhi, na ni baba aliyeirudisha katoni ya kuku ndani, kwa sababu hakujua afanye nini na mikono yake.

Asubuhi walinipeleka hospitali, Meru mjini. Sheria ya wakati huo ilisema bodaboda ibebe abiria mmoja. Mama alikataa niketi nyuma peke yangu, akanibana kati yake na dereva, na baba, mtu asiyewahi hata kuchuma embe la jirani, alitufuata kwa pikipiki nyingine akiwa anakubaliana na uhalifu huo.

Pale langoni walinipima joto. Nilikuwa sawa. Mhudumu akauliza kama nina kikohozi, kama nina homa, kama nimetoka nje ya nchi.

“Hana kikohozi,” mama akasema. “Anataka kujiua.”

Foleni nzima ilisikia. Watu waliokuwa wamegoma kukaa mbalimbali tangu asubuhi walikaa mbalimbali. Lakini mhudumu alitutoa kwenye mstari palepale, akatupeleka kwenye chumba cha nyuma kwa mama mmoja wa makamo ambaye sikuwahi kuuona uso wake zaidi ya macho. Huyo ndiye aliyenisikiliza siku ile na siku nyingi baadaye. Alinipa jina la ugonjwa wangu, na nilishangaa jinsi nilivyofurahi kujua kwamba una jina na si mimi. Nilipewa dawa pia. Sikupona haraka. Kuna wiki nilizopona Jumatatu nikaugua Alhamisi. Baba ndiye aliyekuwa ananisindikiza kliniki, akikaa nje na Biblia iliyofunguliwa ukurasa uleule.

Vifaranga vilitoka katikati ya hayo yote. Ukitegemea kwamba mtu aliona hiyo kuwa ishara, huijui familia yangu. Mama alihesabu mayai mabovu akanilaumu kwa kumhamisha kuku.

Wazee wa ukoo nao walisikia kwamba mwanamke ameingia nyumba ya mwanawe. Walikuja wakiwa na barakoa kidevuni, wakamwambia baba kuna jambo limeharibika na lazima litengenezwe. Kilichoharibika, ilibainika, kilikuwa nyumba. Mbuzi akachinjwa ili nyumba itakasike. Walimla vizuri sana, wakasifu mafuta yake, wakanawa mikono kwa sabuni kama serikali ilivyoagiza, wakaondoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza mwenye nyumba anaendeleaje. Baba aliwasindikiza hadi barabarani, akarudi, akamwambia mama, “Ukihitaji kuingia tena, ingia. Mbuzi bado wako.”

Nilikuwa nimerudi Nchiru kumaliza masomo, nikawa nyumbani kwa wikendi, wakati mama wa mwenzangu alipovuka mfereji akaja kwetu. Alisema amefuata miche ya migomba. Kwao walikuwa na migomba kutuzidi. Mama alimkaribisha chai, na alipoimaliza akauliza, bila kumtazama mtu, kama anaweza kuona nyumba yangu kwa ndani.

“Nyumba ni yake,” mama akasema. “Muulize mwenyewe.”

Nilimfungulia. Aliingia akiwa ameshika viatu mkononi, kana kwamba ni kanisani. Alizunguka akiangalia mbao, dirisha, nguo zangu kwenye msumari, vitu vya kawaida kabisa vya kijana, kama mtu aliyepelekwa nchi ya mbali. Nilitambua kwamba hakuwahi kuona ndani mwa nyumba ya mwanawe ila siku moja, na siku hiyo alikuwa na watu wengi na kelele nyingi.

“Nataka kukuuliza kitu, muthaka,” akasema, akiniita kwa heshima, kama kijana aliyevuka kisu. “Mama yako alikuambia nini hapo nje mpaka ukamfungulia? Mimi nilijaribu maneno yote.”

Nilitamani kuwa na jibu jingine. Nilitafuta uongo wa maana, nikakuta huyo mwanamke ameshadanganywa vya kutosha na watu wenye nia njema.

“Sikumfungulia, mama,” nikasema. “Alisukuma.”

Alitikisa kichwa polepole. Nilianza kumwambia alichoniambia yule mama wa hospitali: kwamba ni ugonjwa, kwamba ugonjwa ndio uliomuua mwenzangu wala si heshima yake, kwamba hata wanaoingia wakati mwingine hawafiki kwa wakati. Yote ni kweli, na ninayaamini. Alinisikiliza mpaka mwisho akiutazama mlango.

“Na wake haukuwa umefungwa,” akasema.

Nikamvutia kiti, kile baba alichoniletea baada ya usiku ule wa mtungi. Hakukiona. Aliketi kitandani, nami nikaketi kando yake.